Seli shina za kondo la nyuma: kwa nini sahani inabaki na seli nyembamba peke yake?

Mwanafunzi wa Kadutu (Bukavu)

Wakubwa zangu na ndugu wapendwa, nawasalimu kwa heshima. Ninaandaa kazi ya kumaliza masomo yangu ya biolojia ya tiba hapa Bukavu. Mada yangu ni kuotesha seli shina (seli zinazoendelea kugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine) za trofoblasti, yaani za lile tabaka la kondo linaloguswa na damu ya mama, ili baadaye tuchunguze jinsi vijidudu vya malaria vinavyojishika kwenye kondo la wanawake wanaotoka bonde la Ruzizi. Tunapokea kondo la mama aliyetimiza miezi tisa, tunakata vinyweleo vyake, yaani vile vijitawi vidogo vya kondo, tunaviosha kwa maji ya chumvi yenye antibiotiki, tunatenganisha seli kwa kimeng'enya cha tripsini, kisha tunaziotesha katika kimiminika cha lishe chenye seramu ya ndama kwa asilimia 10. Mwanzoni zinaonekana seli za mviringo zilizokaa makundi makundi. Baadaye zinaacha kugawanyika, nyingine zinaungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, na sahani yote inatawaliwa na seli ndefu nyembamba. Je, kasoro iko katika kimiminika au katika kondo lenyewe?

Mama wa Maabara (Lubumbashi)

Mwanangu, sababu ya kwanza ni umri wa kondo, na kimiminika kinafuata. Seli za trofoblasti za kondo lililokomaa karibu hazigawanyiki tena zikiwa nje ya mwili. Kazi iliyobaki kwao ni kuungana, na ndivyo zinavyofanya mbele ya macho yako. Kwa panya, seli shina za trofoblasti zilipatikana mwaka 1998, lakini kwa binadamu ilibidi kungoja hadi 2018, pale Okae, Arima na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walipozitoa katika kondo la miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito na katika viinitete vya siku chache. Kimiminika chao kinatofautiana sana na chako. Kina kichocheo cha ukuaji EGF, kina dawa ya CHIR99021 inayoamsha njia ya ishara za seli iitwayo Wnt, kina A83-01 na SB431542 zinazoziba njia nyingine ya ishara iitwayo TGF-beta, kina Y-27632 inayosaidia seli zisife baada ya kutenganishwa, tena kina asidi ya valproiki, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa kifafa. Sahani hupakwa protini ya kolajeni ya aina ya 4, na seramu ni asilimia 0.2 tu. Seramu nyingi kama yako inazifaa hasa zile seli nyembamba.

Hizo nyembamba, kwa maoni yangu, ni seli za mesenkaima (tishu unganishi changa), ambazo nazo huitwa seli shina za kondo, na hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Za mesenkaima hutoka katika sehemu ya ndani ya kinyweleo, hushika plastiki bila kupakwa kitu, huonyesha juu yake protini za utambulisho CD73, CD90 na CD105 bila CD34 wala CD45, na zinaweza kugeuzwa kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Hazigeuki trofoblasti. Tena usiamini haraka kwamba ni za mtoto: kipande kidogo cha ukuta wa mfuko wa uzazi kikibaki kwenye kondo, seli za mama huota kwa kasi na kuzizidi za mtoto. Chagua kondo la mtoto wa kiume, kisha utafute kromosomu Y katika seli zako kila unapozihamishia sahani mpya.

Fundi wa Maabara (Goma)

Naongeza jambo ambalo miongozo ya kigeni hailitaji, kwa kuwa wengi wa walioiandika wanaishi karibu na usawa wa bahari. Bukavu na Goma ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na kanieneo ya hewa huku ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani. Kwa hiyo, ukiweka asilimia 5 ya kaboni dioksidi katika inkubeta, gesi inayoingia katika kimiminika ni pungufu, asidi inashuka, na rangi inaelekea zambarau. Weka karibu asilimia 6, halafu uthibitishe kwa kipimo cha pH. Kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) nako, fuata nyuzi 121 za joto lenyewe, usitegemee mshale wa kanieneo.

Mkunga wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu mwanafunzi, omba ruhusa ya mama kabla uchungu haujaanza, kwa lugha anayoielewa, na umwambie wazi kwamba anaweza kukataa bila kupoteza huduma. Ziko familia zinazolizika kondo nyumbani, na haki hiyo ni yao. Andika namba mahali pa jina. Kondo la upasuaji huja na bakteria wachache kuliko lililopita njia ya kawaida.

Mwanafunzi wa Kadutu (Bukavu)

Nawashukuru sana, Mama, Fundi na Mkunga. Kondo la miezi mitatu ya kwanza siwezi kulipata, na sidhani ni haki kulitafuta kwa ajili ya kazi ya masomo. Je, nibadilishe mada?

Mama wa Maabara (Lubumbashi)

Badilisha kichwa cha kazi, swali la malaria libaki. Vijidudu vya Plasmodium falciparum hushika kondo kwa protini iitwayo VAR2CSA, inayojifunga kwenye aina ya sukari ndefu iitwayo kondroitini salfeti A juu ya zile seli zilizoungana. Hivyo seli kubwa zenye viini vingi unazozihesabu kuwa hasara ndizo hasa unazozihitaji, ingawa itakubidi uzitumie ndani ya siku chache. Ukitaka seli zinazoendelea kugawanyika, omba seli za maabara ziitwazo BeWo, zilizotokana na saratani ya trofoblasti. Huungana zikipewa kemikali iitwayo forskolini.

Kuhakikisha kwamba ni trofoblasti, pima hCG, homoni ya ujauzito, katika kimiminika. Hata karatasi ya kupimia mimba ya duka la dawa itakupa jibu la awali. Ila jibu hilo halithibitishi kwamba ni seli shina, kwa hiyo neno hilo liondoe katika kichwa kabla ya kumpelekea msimamizi wako.