Nimepanda tabaka, lakini baba yangu anakaa kwangu kama mgeni

Ndugu zangu, nimelelewa na baba fundi mwashi na mama aliyekuwa akifanya usafi katika nyumba za watu, na mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo kikuu na kupata kazi ya ofisini. Mwezi uliopita wazazi walikuja kunitembelea. Baba alisimama sebuleni, akajipangusa suruali kwa nyuma, ndipo akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Tangu siku hiyo sina raha. Kazini nako, wenzangu wanapozungumzia vitabu walivyosomewa utotoni, hunyamaza nisije nikajulikana. Je, yupo aliyepitia haya?

Jibu la kwanza
Pole sana. Mwanasosholojia Pierre Bourdieu, aliyezaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Denguin, kusini magharibi mwa Ufaransa, akiwa mtoto wa mfanyakazi wa posta, alieleza kwamba malezi hukaa mwilini, katika namna ya kuongea, kula na hata kuketi, na kwamba anayehama tabaka hubaki na mazoea mawili yanayovutana ndani yake. Hali hiyo aliiona hata kwake mwenyewe. Usijidhanie mshamba, basi, wala mtovu wa shukrani. Mimi nina mshahara mzuri kwa miaka 12 sasa, na bado siwezi kutupa chupa tupu ikiwa ina kifuniko.

Jibu la pili
Naomba nitofautiane kidogo na aliyetangulia, kwa kuwa mazoea hayaumizi kama hesabu zinavyoumiza. Mwenzako wa ofisini akikwama huwapigia wazazi wake simu. Wewe simu yako ikilia mwisho wa mwezi, waliokwama ni wazazi. Mara moja tu niliposhindwa kutuma fedha niliambiwa kwamba mwacha asili ni mtumwa, methali ambayo sijawahi kuisikia mwezi niliotuma. Panga kiasi unachokimudu, uwaeleze mapema, kisha usikibadilishe kwa sababu ya aibu.

Mwuliza swali
Nashukuru nyote. Chupa ninazo, tena kabati zima. Jana nilimpigia baba kumwuliza namna ya kuziba ufa wa ukuta wangu wa jikoni, akanigombeza dakika nzima kwa kutaka kuupaka rangi juu kabla ya kuuchimbua. Anakuja Jumamosi na mwiko wake.