Mshahara umepanda, nyuso bado zimekunjwa: tupime wapi?

Swali
Wakuu, swali kwa wanaoshughulika na mambo ya wafanyakazi. Kuna watu 60 hivi, mishahara imepandishwa, na miezi sita baadaye dodoso la swali moja ("Je, unaridhika na kazi yako?") linaleta wastani uleule wa 3 kati ya 5. Tatizo ni dodoso, mshahara, au watu wenyewe? Naomba hatua, hotuba tumezisikia za kutosha.

Jibu la 1
Anza na dodoso. Kabla ya yote, acha wastani, hesabu waliojibu 1, 2, 3, 4 na 5. Ukikuta 30 wamejibu 1 na 30 wamejibu 5, wastani ni 3, na hakuna hata mmoja aliyesema 3. Hapo una makundi mawili yenye hali tofauti kabisa. Ukikuta karibu wote wamejibu 3, uliza nani aliyekusanya karatasi. Zikipita mkononi mwa msimamizi, 3 ndiyo namba ya mtu anayejilinda.

Pili, mtu anaweza kuipenda kazi na asimtake msimamizi wake, na swali moja haliwezi kukuonyesha hilo. Mwaka 1969 watafiti Smith, Kendall na Hulin walitenganisha pande tano za kuridhika: kazi yenyewe, malipo, kupanda cheo, usimamizi na wenzako kazini. Weka maswali manne kwa kila upande, jumla 20. Changanya sentensi za kusifu na za kulaumu ili mtu asipige tiki safu moja kutoka juu hadi chini. Za kulaumu geuza alama kabla ya kujumlisha: 5 iwe 1, 4 iwe 2. Wanaosahau kugeuza ni wengi, na kosa hilo huvuta kila kitu katikati.

Kwa watu 60 usiulize idara, umri na miaka ya kazi kwa pamoja. Vitatu hivyo vinatosha kumtambua mtu. Chukua idara tu, na kundi lenye watu chini ya watano liunganishe na jingine.

Jibu la 2
Kuhusu mshahara: mtafiti Judge na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2010 wakakuta uhusiano kati ya kiwango cha malipo na kuridhika ni kama 0.15 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Upo, ila mdogo. Mtu hapimi mshahara wake peke yake, anaupima dhidi ya wa mwenzake anayefanya kazi kama yake. Mkipandisha wote kwa asilimia ileile, pengo lililokuwa linawaudhi linabaki, tena kwa fedha linapanuka.

Na namna ya kutangaza ina uzito wake. Utafiti wa Greenberg, 1990: wafanyakazi wa viwanda viwili vya kampuni moja walikatwa mshahara 15% kwa wiki 10. Kimoja kilielezwa sababu kwa kina na kwa heshima, kingine kwa kifupi tu. Wizi wa mali ulipanda zaidi sana kule kwa maelezo mafupi. Makato ni yaleyale.

Jibu la 3
Msisahau watu wenyewe. Watafiti Staw na Ross (1985) walikuta mtazamo wa mtu kuhusu kazi hubaki na sura yake hata akibadilisha mwajiri, na utafiti wa mapacha waliolelewa mahali tofauti (Arvey na wenzake, 1989) ulikadiria kuwa karibu 30% ya tofauti za kuridhika kati ya watu inatokana na jeni walizozaliwa nazo. Kwa hiyo wapo ambao kwao 3 ni siku nzuri. Asilimia zilizobaki si ndogo, asije meneja akajificha hapo.

Mkuu, mimi ningechimba kwenye kazi yenyewe. Watafiti Hackman na Oldham wana hesabu ya kupima kazi inavyoweza kumpa mtu hamasa, kila kipengele kikipewa 1 hadi 7: chukua wastani wa ujuzi mbalimbali, kuiona kazi mwanzo hadi mwisho, na umuhimu wake kwa wengine, zidisha kwa uhuru wa kuamua, kisha kwa mrejesho (kujua umeifanya kazi vizuri kiasi gani). Kazi yenye wastani wa 6, uhuru 2 na mrejesho 5 inapata 60 kati ya 343. Pandisha uhuru hadi 4, inakuwa 120. Kwa kuwa ni kuzidisha, kipengele kilicho chini ndicho kinachobana.

Uhuru ni vitu vidogo: kupanga mwenyewe kipi kitangulie, kurekebisha kosa bila kusubiri saini tatu, kuongea na mteja moja kwa moja. Kinachoharibika mara nyingi ni kumwongezea mtu majukumu matatu ya aina ileile na kuyaita kumkuza. Mzigo mkubwa usio na uhuru ndio unaochosha zaidi. Mtafiti Karasek alilionyesha hilo mwaka 1979.

Mwuliza swali
Asanteni. Turudie kupima baada ya muda gani? Na uzalishaji utapanda?

Jibu la 1
Rudisheni matokeo kwa wafanyakazi ndani ya wiki tatu, hata yale machungu. Chagueni jambo moja au mawili, kila moja na mtu wa kulisimamia na tarehe. Pimeni tena baada ya miezi sita kwa maswali yaleyale, neno kwa neno; ukibadilisha maneno huwezi kulinganisha. Kama hamna nia ya kubadilisha chochote, msiulize kabisa, maana dodoso la pili litajibiwa na wachache.

Uzalishaji usiuahidi kwa bosi. Uchambuzi wa Judge na wenzake wa 2001, sampuli 312, ulipata uhusiano wa 0.30 tu kati ya kuridhika na utendaji. Muahidi kitu unachoweza kukihesabu mwenyewe: wanaoacha kazi na wanaokosa zamu.