Wembe wa makali mawili unanikata kidevuni na kuniachia vipele shingoni: tatizo ni kifaa au ni mkono?

Kidevu Kigumu

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliozoea kunyoa kwa wembe na povu, si kwa mashine ya umeme wala kwa vile vinyoleo vya plastiki vya kutumia na kutupa. Nimehamia kwenye kinyoleo cha chuma kinachobeba wembe mmoja wenye makali pande mbili, na matokeo yake hayalingani usoni kote. Mashavuni nanyoa bila tabu yoyote. Kidevuni, hasa pale mfupa unapopinda, na juu ya kikoromeo, nakatika na kutoka damu karibu kila ninaponyoa. Shingoni damu haitoki, lakini ngozi huwaka moto, na baada ya siku moja au mbili hutokeza vipele vigumu ambavyo ukivitazama kwa karibu unaona unywele umejikunja ndani.

Utaratibu wangu ni huu: nanawa uso, napaka sabuni ya kunyolea kwa brashi, nanyoa mara ya kwanza kwenda chini, kisha mara ya pili kwenda juu ili ngozi iwe laini kabisa, huku nikiivuta kwa vidole vya mkono wa pili. Namalizia kwa losheni yenye spiriti. Ndevu zangu ni ngumu na za kujikunja. Je, kifaa hiki ni kikali mno kwangu, au ni namna ninavyokishika? Na je, wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, ungenifaa zaidi?

Makali Mawili

Ndugu Kidevu Kigumu, nakushauri kwanza uyatenganishe haya mambo mawili, kwa sababu kukatika na kupata vipele vina vyanzo tofauti, na dawa ya kimoja inaweza kukizidisha kingine. Mimi nitasema juu ya kukatika, na hayo ya vipele nawaachia wanaoyajua.

Vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe mbili au tatu mara nyingi huwa na kichwa kinachochezacheza na kuufuata uso chenyewe, kwa hiyo mkono huzoea kukandamiza na kuachia kichwa kifanye kazi ya kujipinda. Kichwa cha kifaa chako hakichezi. Kazi ya kuufuata uso ni ya kifundo cha mkono wako, na uzito wa chuma unatosha kukata bila nguvu ya ziada. Kishike mwishoni mwa mpini kwa ncha za vidole, usikifumbate kwa kiganja, na utaona jinsi inavyokuwa vigumu hata kukandamiza.

Pembe ya wembe na ngozi iwe kama nyuzi 30. Hutahitaji kipimo: egemeza kifuniko cha juu kwenye shavu mpini ukiwa umetoka nje ya uso karibu mnyoofu, kisha ushushe mpini polepole huku ukisogeza, hadi usikie makali yameanza kukata. Simama hapo hapo. Ukiushusha zaidi, wembe unaanza kukwangua ngozi badala ya kukata ndevu.

Sasa kidevuni. Pale mfupa unapopinda, ile pembe nzuri uliyoipata shavuni hupotea ndani ya sentimita moja au mbili, na ndiyo maana unakatika hapo na si kwingine. Nyoa kwa misogeo mifupi sana, inua, rekebisha kifundo cha mkono, endelea. Juu ya kikoromeo, sogeza ngozi kwa kidole kuelekea kushoto au kulia hadi ikae juu ya sehemu iliyo bapa, ndipo unyoe, kisha iachie irudi. Na popote ulipo, wembe usiteleze kwenda ubavuni kwa kuufuata urefu wa makali, hata kidogo. Makali yakienda hivyo hukata ngozi yoyote, hata ukiwa umeshika kifaa cha upole kuliko vyote.

Jambo dogo watu wasilolitazama: kabla ya kukaza mpini, hakikisha wembe umekaa sawa, ukingo uliojitokeza upande huu ulingane na wa upande ule. Ukikaa kombo, upande mmoja utakuwa mkali na mwingine butu, nawe utalaumu mkono bure.

Fundi Povu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naona kuna swali halijaulizwa: povu lako lina maji kiasi gani, na ndevu zako zimekaa na maji kwa muda gani kabla wembe haujazigusa? Unywele mkavu ni mgumu kuukata, lakini unywele ulionyonya maji kwa dakika mbili au tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Kunawa mara moja na kuanza hakutoshi kwa ndevu ngumu. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu usoni. Maji yasiwe ya moto sana, kwa sababu hayo huondoa mafuta ya ngozi na kuiacha ikiwa kavu.

Povu zuri halisimami wima kwa vilele vikavu. Huteleza na kung'aa kwa maji. Likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka, ongeza sabuni kidogo. Likiwa zito na la kunata, ongeza maji matone machache kwa wakati, ukizungusha brashi. Na kila awamu ya kunyoa ipakwe povu upya. Hukusema kama unapaka tena kabla ya kwenda juu, nami nina shaka kwamba unapitisha wembe kwenye ngozi iliyobakiwa na utelezi kidogo tu. Hapo ndipo mwako unapoanzia.

Mhudumu wa Ngozi

Vipele unavyoeleza si chunusi, na katika hali nyingi havianzi kwa vijidudu. Ni ndevu zako mwenyewe zinazorudi ndani ya ngozi. Unywele wa kujikunja ukikatwa karibu sana na ngozi huweza kufanya moja kati ya mambo mawili: hutoka, hujipinda na kuchoma ngozi pembeni, au, kama ulikatwa chini ya usawa wa ngozi, hutoboa ukuta wa kitundu chake kabla hata haujatoka nje. Mwili huuona kama kitu kigeni na kuushambulia, na hapo ndipo uvimbe mgumu unapotokea.

Tazama sasa utaratibu wako. Unapovuta ngozi kwa nguvu huku ukinyoa kwenda kinyume cha mlalo wa ndevu, unywele huinuliwa, hukatwa, kisha ngozi ikiachiwa ncha hiyo kali hurudi ndani. Huo ulaini unaoutafuta shingoni ndio unaozaa vipele. Kwa mtu mwenye ndevu kama zako, ushauri wangu ni kunyoa shingo kwa kufuata mlalo tu, bila kuivuta ngozi, na kuridhika na kivuli cha ndevu cha kama milimita moja. Najua kivuli hicho wengine hawakipendi, lakini kiafya sioni ubaya wake.

Kwa sasa, ipumzishe shingo kabisa kwa wiki kadhaa, mara nyingi kama nne, hadi vipele vilivyopo vitulie. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu husaidia kuzilegeza nywele zilizonasa. Ukiona ncha ya unywele imejitokeza, iinue kwa sindano iliyosafishwa vizuri, lakini usiung'oe unywele wenyewe, kwa kuwa ukiota tena utaanzia chini ya ngozi. Acha losheni yenye spiriti na utumie isiyo na spiriti wala manukato. Kikitokea kipele chenye usaha, au kovu linaloinuka na kuendelea kukua, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu makovu ya namna hiyo ni magumu kuyatibu yakishakuwa makubwa.

Mzee wa Kinoo

Naomba kutofautiana na ndugu aliyetangulia kuhusu kuvuta ngozi. Wembe unaopita juu ya ngozi iliyolegea husukuma mkunjo mbele yake, na mkunjo huo ndio unaokatwa. Anayetumia wembe wa kukunja hawezi kunyoa hata shavu bila kuitandaza ngozi. Kumwambia mwenzetu asiivute kabisa ni kumwongezea damu ili kumpunguzia vipele.

Kuhusu hilo swali la wembe wa kukunja, jibu langu ni kwamba usianzie huko. King Camp Gillette alipopata hataza ya kifaa chake nchini Marekani mwaka 1904, wembe mwembamba wa kubadilishwa uliwekwa ndani ya kichwa chenye kingo inayozuia sehemu kubwa ya makali isiifikie ngozi. Wembe wa kukunja hauna kingo hiyo, na pembe yote inategemea mkono. Juu ya hapo unahitaji kupigwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata, na kupelekwa kwenye kinoo laini makali yake yanapoanza kuwa butu. Ni ufundi mzuri nami naupenda, lakini hauponyi vipele, maana unakata karibu na ngozi vilevile.

Mhudumu wa Ngozi

Mzee wangu, nakubali sehemu ya maneno yako, nami niliyasema kwa ujumla mno. Tofauti ninayoitaka ni kati ya kutandaza na kuvuta. Kidevuni na kwenye taya, atandaze ngozi kiasi cha kuondoa mikunjo tu. Shingoni, ambako ndiko kwenye vipele, kuinua kichwa kunatosha kuinyoosha. Asichopaswa kufanya ni kuikaza kwa vidole huku wembe ukienda kinyume cha mlalo.

Kidevu Kigumu

Nawashukuru nyote. Nimepapasa shingo kwa vidole kila upande kutafuta mlalo, na nimegundua kwamba upande wa kushoto ndevu zinalalia ubavuni kuelekea kwenye koo, na chini ya taya zinaelekea juu. Kwa hiyo hata ile awamu ya kwenda chini, mahali hapo ilikuwa kinyume. Nimebakiza maswali mawili: wembe ubadilishwe lini, na damu ikitoka nifanye nini?

Makali Mawili

Kwa ndevu ngumu, badilisha baada ya kunyoa mara tatu hadi saba, na usingoje uanze kuvuta, kwa sababu ukishavuta umekwisha kukuumiza. Watu hudhani chuma hakiwezi kushindwa na unywele, ilhali mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha kwamba unywele, ingawa ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, unaweza kuumegua ukingo wake pale unapojipinda na kuyakuta makali kwa pembe mbaya. Suuza wembe, ukung'ute maji, uache ukauke mahali penye hewa. Usiufute kwa kitambaa, kwani utaharibu makali au vidole vyako. Zilizochakaa zikusanye ndani ya kopo gumu lililofungwa, na wembe wako asiutumie mtu mwingine, hata ndugu yako wa damu: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi.

Kwa damu, suuza kwa maji baridi, bonyeza kwa kitambaa safi, kisha gusisha kipande cha shabu kilicholoweshwa. Shabu hubana ngozi na kuzuia damu ya michubuko midogo. Mimi huipitisha uso mzima hata pasipo damu, halafu nasuuza, kwa kuwa hunionyesha nilikokosea: panapochonyota zaidi ndipo mkono ulipokandamiza au ulipopita mara nyingi mno, na wiki inayofuata napita hapo kwa wepesi.