Mrejesho: ule mwani wa nywele kwenye tangi langu la matumbawe

Hamjambo ndugu zangu. Ni yule wa Kisauni, Mombasa, aliyelia hapa kabla ya masika kwamba mwani wa kijani, mrefu kama nywele, umefunika mawe na matumbawe kwenye tangi lake la maji ya bahari la lita 200. Ahsanteni sana. Nimechelewa kurudi ila sikuwasahau.

Aliyeniuliza najazia maji gani alipiga palepale. Kila maji yakipungua kwa joto nilikuwa naongeza ya kisima! Nilipoyapima, nitrati yake (ile mbolea inayolisha mwani) ilizidi hata ya tangi. Sasa nanunua yaliyochujwa, taa nimezipunguza kutoka saa 12 hadi 8 kwa siku, na chakula natia kidogo, si kwa huruma. Kila Jumapili nasugua mawe kwa mswaki huku nanyonya uchafu kwa mpira, kisha nabadilisha lita 20. Maji ya bahari ya kubadilishia nayateka Nyali yakiwa yamejaa; baada ya mvua siyagusi. Wiki ya sita nitrati ilikuwa imeshuka kutoka miligramu 40 kwa lita hadi 10, na nywele zikawa zinang'oka kwa kuguswa tu.

Yaliyokataa: kuzima taa siku tatu kuliondoa utando mwekundu wa bakteria uliokuwemo pia tangini, lakini umerudi pembeni, pale mkondo wa pampu haufiki. Tumbawe moja limekufa. Konokono wawili walipinduka usiku wakashindwa kujigeuza. Aliyenionya niwachungulie asubuhi, niwie radhi, nilipuuza.

Kesho naweka pampu ya pili hapo pembeni.