Mjadala: Tuchange tuongeze RAM, au tusome picha vipandevipande?

Mwaloni: Wakuu, kikundi chetu hapa Mwanza kinachora ramani za magugumaji ya Ziwa Victoria kwa laptopu moja ya Linux, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8. Kila tukipakia picha ya satelaiti ya Sentinel-2, laptopu inaganda, hata tukifuta kache kwanza. Mimi nasema tuchange tuongeze RAM. Mnasemaje?

JiweLaBismarck: Msitupe hela. Picha moja ina pikseli 10,980 kwa 10,980. Kila pikseli ni baiti 2, kwa hiyo bendi moja (picha ya rangi moja ya mwanga) yenye pikseli za mita 10 ni kama MB 241. Programu ikiigeuza kuwa desimali za baiti 8, inafika MB 964. Bendi nne ni karibu GB 4, na kila hesabu inazaa nakala nyingine. Soma kipande cha 1024 kwa 1024, andika jibu kwenye diski, achia, chukua kingine. Na kache msiiguse! Linux inatumia RAM iliyolala kushikilia faili mlizokwisha soma. Programu ikihitaji nafasi, Linux inaiachia yenyewe. Mkifuta, faili zinasomwa upya kutoka kwenye diski. Ila nyie wa Capri Point, mtaa wa wenye hela, mmezoea kununua tu.

Mwaloni: Nani kakwambia nakaa Capri Point? Nakaa Mabatini, juu mlimani, maji napandisha kwa ndoo. Usinipangie maisha.

MamaDagaa: Hapo umemkosea mwenzio. Ila na mimi niulize, magugu nikisimama Kirumba nayaona kwa macho. Satelaiti ya nini?

Igoma_Juu: Mama, hayo ya leo. Upepo ukigeuka kesho yako kwingine. Kaka yangu alinaswa usiku, pangaboi imesokotwa mizizi, akapiga kasia mpaka alfajiri. Si jambo dogo hili.

MamaDagaa: Sijasema ni dogo, mwanangu. Mimi yamenilia nyavu mbili.

JiweLaBismarck: Pole mama. Mwaloni, la Capri Point nisamehe. Lakini hujajibu: mnapakia picha nzima?

Mwaloni: Nzima. Vipande si vitachelewesha? Soma, andika, soma, andika, na umeme wenyewe huu.

Igoma_Juu: Umeme ndio sababu ya vipande. Vilivyoandikwa kwenye diski vinabaki, unaanzia ulipoishia. Picha nzima ikikatikia katikati, umepoteza yote.

Mwaloni: Nitajaribu leo na bendi mbili.

MamaDagaa: Na ramani ikitoka, itanifikia kwenye simu kabla ya jioni, vijana hawajaingia ziwani na taa?