Kupima kortisoli ya mate Bukavu, umeme ukikatika

Swali
Jambo wandugu. Tunataka kupima kortisoli (homoni ya msongo) ya asubuhi kwenye mate ya wanafunzi, hapa Kadutu. Mate yanatosha, au tuchukue damu? Na umeme ukikatika usiku?

Jibu
Mate yanatosha, dada. Kortisoli nyingi ya damuni imeshikwa na protini. Mate yanaonyesha ile huru, inayopenya hadi ndani ya seli za ubongo, ikashika vipokezi na kuwasha au kuzima jeni. Shida ni saa. Chukua mate mtu akiamka tu, kisha dakika ya 30 na ya 45. Kortisoli hupanda baada ya kuamka; akichelewa robo saa, kilele kinaweza kukupita. Asinywe chai, asipige mswaki: damu ya fizi inapandisha namba.

Jibu
Umeme ukikatika, epuka sampuli kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Gawa kila sampuli vichupa viwili, gandisha kwa nyuzi -20, jaza nafasi tupu ya frigo kwa chupa za barafu, na umeme ukikatika usifungue mlango. Siku ya kupima zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli) kwa 1500 g (nguvu ya mzunguko, si gramu), dakika 15, uchukue maji ya juu. Ule utelezi wa chini ukiingia kwenye pipeti, majibu yanayumba.

Muulizaji
Aksanti sana. Na anayemeza prednisoloni, dawa inayofanana na kortisoli?

Jibu
Mwondoe kwenye orodha. Vipimo vingi vinavyonasa kortisoli kwa kingamwili huihesabu dawa hiyo kama kortisoli.