Mke kaondoka kisa tamthilia. Nimfuate Korogwe au nisubiri apoe?

FundiFriji
Wakuu, habari za usiku. Naombeni ushauri, na wenye matusi tafadhali wapite kimya, kichwa changu hakiko sawa.

Nina mke, mwaka wa saba huu, watoto wawili. Hatujawahi kugombana mpaka jirani akasikia. Mwezi uliopita nilipeleka flashi kwa kijana mmoja hapa Mbagala anayerusha muvi, akanijazia Breaking Bad yote, misimu mitano. Watoto wakilala tunatazama mbili tatu, Jumapili hata tano. Kwa wasioijua: mwalimu wa kemia huko Albuquerque, Marekani, anaitwa Walter White, anaambiwa ana saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya ili familia isibaki na shida.

Tulikuwa tunakwenda vizuri tu. Juzi tumemaliza sehemu ya mwisho, mke wangu akazima runinga, akabaki amekaa gizani. Kisha akasema, "Hata huyu mwishoni alisema." Nikamuuliza alisema nini, kimya. Saa kumi na moja alfajiri kaamsha watoto, kapanda basi, yuko kwa mama yake Korogwe. Pale mlangoni akaniita Walter. Mimi! Yule muuaji na muuza dawa, mimi natengeneza friji.

Swali langu ni moja: nimfuate au nisubiri hasira ziishe? Mshenga na baba mdogo wameshakubali kwenda Jumamosi, nauli nimeshawapa, ila wengine wananiambia kumfuata mwanamke mapema ni kumpa kichwa.

KarangaZaKukaanga
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

MsejaMwaminifu
Ndiyo maana wengine tulikataa ndoa. Nyumba inavunjwa na flashi ya buku mbili! Sisi tunatazama mpira, ukiisha tunalala.

BiMwanamvua
Mwanangu, mimi niko kwenye ndoa mwaka wa thelathini na moja. Mwanamke habebi watoto alfajiri kwa sababu ya runinga. Umemfanya nini?

FundiFriji
Shikamoo mama. Sijamfanya kitu. Sijawahi kumnyooshea mkono, sichepuki, pombe sijui ladha yake. Kulikuwa na kasuala kadogo ka hela huko nyuma, ila hakahusiani na ninachouliza.

NahodhaWaKochi
Ya ndoa yatasubiri. Kama mada ni watu wasiokubali kosa, huyo Walter ni mtoto mbele ya Tony Soprano, yule bosi wa majambazi kwenye tamthilia ya The Sopranos. Kuanzia 1999 mpaka 2007, sehemu 86, jitu linakwenda kwa daktari wa akili, Dokta Melfi, linalipa, linalia, na lawama zote ni za mama yake. Na huyo mama, Livia, naye kwake kila kosa ni la watoto. Ukoo mzima hakuna mwenye kosa! Karibu na mwisho daktari anachoka, anamfungia mlango, jamaa anatoka anaona ameonewa.

MpishiMkuu
Nahodha umeteleza. Tony kazaliwa kwenye ujambazi, kaukuta nyumbani kama sisi tulivyokuta ugali. Walter alikuwa na mlango. Msimu wa kwanza kabisa wenzake wa zamani, Elliott na Gretchen, matajiri, wanataka kumlipia matibabu yote. Akakataa. Kuanzia siku ile "nafanya kwa ajili ya familia" haikuwa na miguu tena, yaliyobaki ni kiburi. Na bado anaisema mpaka tunakaribia sehemu ya 62.

DadaWaTamthilia
Nyie na wanaume wenu. Mmemsahau Rubí? Ile ya Meksiko ya 2004, Bárbara Mori. Kamwibia rafiki yake mchumba, kaacha aliyempenda, na kila ukimuuliza jibu ni umaskini: nimezaliwa maskini, nifanyeje. Mwisho kaharibika uso, kapoteza mguu, unadhani atajuta? Anamfundisha mtoto wa dada yake aende kulipa kisasi! Nilikuwa kidato cha pili, nilirusha kandambili kwenye runinga ya shangazi. Mpaka leo shangazi akiniona na kandambili mkononi ananiuliza nimemkasirikia nani.

MtotoWaBajaji
Uzi umenikumbusha mzee wangu. Aliivamisha Bajaji kwenye ukuta wa jirani mchana kweupe, barabara nyeupe, hana abiria. Akashuka, akauangalia ule ukuta, akasema, "Huyu kajenga wapi?" Miaka kumi na moja sasa. Tukipita pale anautazama vibaya, na kila mgeni anaonyeshwa. Ile tairi ya mbele iliyopinda bado ipo uvunguni, anasema ni ushahidi.

MkenyaMpole
Boss, hebu rudi hapo kwa "kasuala kadogo ka hela". Ni pesa ngapi, na ilikuwa ya nani? Huku kwetu hiyo sentensi ndiyo huanzisha kesi.

FundiFriji
Naona watu mnapenda kuchimba. Sawa. 1,850,000. Ilikuwa ya kikoba. Lakini niliikopa, wakuu, sikuiiba, na niliikopa kwa ajili ya familia hii hii. Kulikuwa na friji mbili za mtumba, kubwa, zile za duka, mtu anazitupa kwa bei ya bure. Ningezikarabati, ningeuza, ndani ya wiki tatu hela imerudi na faida ya ada ya shule. Moja kompresa ikaungua. Hiyo ni hitilafu, haikuwa nia yangu.

DadaWaTamthilia
Ulikopa kwa nani? Kikoba unacho wewe?

FundiFriji
Mke wangu ndiye mweka hazina.

KarangaZaKukaanga
Yesu na Maria. Naongeza karanga.

BiMwanamvua
Na yeye alijua?

FundiFriji
Mama, ningemwambia angekataa, na biashara haisubiri. Hela ilikuwa kwenye laini yake, namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza, siyo kwamba nilidukua. Nilitoa usiku ule ule kwa mawakala watatu kwa sababu mmoja hakuwa na floti ya kutosha. Makato yote nililipa mimi.

MpishiMkuu
"Makato nililipa mimi." Mkuu umeniua.

MkenyaMpole
Akina mama wa hiyo chama walipouliza pesa iko wapi, wewe ulisema nini?

MkenyaMpole
Boss? Naona uko hapa, jina lako linawaka.

FundiFriji
Nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Sasa mnisikilize mpaka mwisho.

Mke wangu alidhani ametapeliwa. Mnawajua wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mimi sikusema ni matapeli. Yeye ndiye alisema, mimi sikubisha tu. Nikamsindikiza mpaka kwenda kulalamika. Njiani analia, nikamwambia usilie mke wangu, matapeli wamejaa, serikali imelala, mimi nailaumu serikali. Hayo ni maneno ya kumfariji, mume yeyote angesema.

Jumatano wakaja akina mama kumi na wawili. Wakakaa kwenye mkeka sebuleni. Mimi nilikuwa barazani nabadilisha kapasita ya feni. Wakamwambia wanataka aape. Akaingia ndani, akatawadha, akatoka na msahafu, akaapa kwamba hajaigusa. Mle ndani kimya. Ile kapasita nilikuwa nimeshaifunga, nikaifungua tena nikaifunga upya. Ningeingia saa ile ningesema nini mbele ya wanawake kumi na wawili? Ningemwaibisha yeye zaidi.

BiMwanamvua
Laa ilaha illa llah.

MsejaMwaminifu
Hata mimi niliyekataa ndoa hapa namwonea huruma shemeji.

MpishiMkuu
Sasa naelewa. Ulipomwona Walter anamwacha yule binti Jane, mpenzi wa Jesse mpishi mwenzake, afe kitandani, kasimama tu anaangalia, ulijisikiaje?

FundiFriji
Mkuu, usifananishe. Jane alikufa. Kwangu nani kafa?

Na kama mnataka kujua, hapo siyo alipostuka. Alistuka msimu wa tatu, sehemu ya kwanza. Ndege mbili zimegongana juu ya mji, watu 167 wamekufa, kwa sababu muongoza ndege ndiye baba yake Jane, karudi kazini na msiba kichwani. Yaani ukiufuata uzi nyuma unafika kwa Walter. Sasa shule imewakusanya wanafunzi waomboleze ajali, Walter anapewa maiki, anawaambia tuangalie na upande mzuri: ndege hazikuwa zimejaa, chini hakufa mtu, na kwa ukubwa ni ajali ya 50 tu. Mpaka ajali ya ndege ya Tenerife ya 1977 anawatajia. Baadaye anamwambia Jesse yeye anailaumu serikali.

Mke wangu akachukua rimoti akasimamisha. Akanitazama. Mimi nilikuwa nacheka, si kuna mahali pa kuchekesha pale? Akabonyeza ikaendelea.

DadaWaTamthilia
Alikuwa anajua.

FundiFriji
NDIYO! Hilo ndilo linaloniuma na hamlioni. Kumbe alikuwa ameshachukua taarifa ya miamala, na wakala wa kwanza, hapo dukani kwa Mangi, akamwambia "shemeji ndiye aliyekuja kutoa". Akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye mkoba. Msimu wa tatu, wa nne, wa tano, kila usiku anakaa pembeni yangu, ananimenyea na machungwa, karatasi ipo. Alikuwa ananitega. Sasa kati yangu na yeye nani alimficha mwenzake?

MtotoWaBajaji
Nimemsomea mzee hii. Kasema "huyo kijana ana hoja". Msimsikilize mzee.

NahodhaWaKochi
Alikuwa anakusubiri useme, ndugu. Usiku wote ule. Na Walter alipofika sehemu ya mwisho akamwambia mkewe Skyler nilifanya kwa ajili yangu, nilipenda, wewe bado ulikuwa na chungwa mdomoni.

Mbuyuni_Online
Mna laana nyie! Mimi niko msimu wa pili! Kuna mtu ameandika hapo juu Jane anakufa bila hata kuonya!

KarangaZaKukaanga
Imeisha 2013 ndugu yangu. Mtoto aliyezaliwa siku ile anakaribia sekondari.

MhasibuAsiyelala
Nimekuwa kimya nasoma. Wakuu, hii ni chai. Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Kikoba ninachokijua kina sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mweka hazina hashiki hata mmoja. Vile vya simu, hela haitoki mpaka wanachama wengine waidhinishe. Huyu kaichota na namba ya siri moja! Halafu mke amekaa na karatasi mkobani misimu mitatu anasubiri sehemu ya mwisho ili aseme sentensi moja gizani. Huyo siyo mke, huyo ni mwandishi wa tamthilia. Na mwaka jana humu kulikuwa na uzi wa mama aliyeibiwa hela za kikoba na mumewe, naona mtu kaufua na kuuanika upya.

MsejaMwaminifu
Hata mimi nilishangaa. Feni inabadilishwa kapasita wakati watu wanaapishwa? Nani anafanya hivyo?

MpishiMkuu
Tumepigwa. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia faragha.

FundiFriji
Nani anatunga? Mhasibu unaongea vitu usivyovijua. Sanduku lipo na kufuli tatu zipo, tena moja nilifunga mimi mwenyewe. Lakini ile ilikuwa hela ya marejesho, imekusanywa Jumapili jioni, mwenye ufunguo mmoja alikuwa msibani Kilwa, wakakubaliana ilale kwenye laini ya mke wangu mpaka arudi. Kapasita ni ya maikrofaradi mbili na nusu, feni ya mezani, mwenye feni ni mama wa mtaa wa pili. Njooni mumuulize. Machungwa tulinunua kwa toroli. Niulizeni chochote!

MkenyaMpole
Angalieni huyu mtu. Ameambiwa aliacha mke wake aapishwe, akasema "msifananishe". Ameambiwa kapasita ni ya uongo, amekuja mbio na vipimo.

DadaWaTamthilia
Chai au si chai, mimi naijua. Kikoba chetu hela ililala kwa simu ya mtu siku nne, sanduku lipo hapo hapo linatutazama. Na Mseja usishangae kwamba kuna wanaomtetea. Hata huko Marekani watazamaji walimchukia Skyler kuliko mumewe mpishi wa sumu, mpaka mwigizaji wake, Anna Gunn, akaandika makala New York Times, 2013 hiyo hiyo, akauliza kosa lake ni lipi. Mwanaume anaua, mke ndiye anaambiwa ana kelele.

MhasibuAsiyelala
Sawa dada, tuseme ni kweli. Basi aweke picha ya ile friji yenye kompresa iliyoungua.

FundiFriji
Nimeshaiuza kama chuma chakavu. Msinitoe kwenye mada. Jumamosi iko karibu, mshenga kanipigia anauliza aseme nini akifika. Nimemwambia aseme ni kutoelewana kidogo kulikosababishwa na tamthilia, na kwamba niko tayari kumsamehe kwa kuniita jina lile mbele ya watoto. Baba mdogo anasema hiyo imekaa vizuri. Nilitaka kujua tu kama wabebe na kitenge au sukari inatosha.

BiMwanamvua
Mwanangu, acha kitenge. Wale akina mama kumi na wawili wameshajua kwamba aliapa kweli?

FundiFriji
Bado, mama. Nitawaambia hali ikitulia.

BiMwanamvua
Na hela umesharudisha?

FundiFriji
Ile friji ya pili nilimuuzia jamaa wa chipsi hapa kona, kwa mkopo. Wiki ya tano sasa, kila nikienda ananipa kiepe na mishikaki miwili ananiambia njoo kesho. Yule ndiye anayechelewesha kila kitu.